Bustani ya kiangazi Uyole na siku ya muziki mwezi wa 9: hesabu kurudi nyuma

Salaam wakuu. Dada aliyeleta uzi yuko Uyole, Mbeya, ana eneo la mita 10 kwa 8 nyuma ya nyumba, na Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa 9 anataka kuwakaribisha wanakwaya wenzake na familia zao, watu kama 30, waimbe, wapige gitaa na ngoma, wale mboga zilizochumwa hapohapo. Leo tuko wiki ya kwanza ya mwezi wa 6. Waliotangulia wameanza na mbegu. Mimi nashauri aanze na ile Jumamosi kisha ahesabu siku kurudi nyuma, maana kiangazi cha nyanda za juu kina sura tatu. Mwezi wa 6 na wa 7 jua lipo lakini ni la baridi. Mwezi wa 8 unakuja na upepo na vumbi. Mwezi wa 9 na wa 10 jua linaunguza. Mboga ya siku 60 ukiipanda mwezi wa 8 inaweza kula siku 80 ukiipanda sasa hivi, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea hesabu.

Kabla ya jembe, tazama jua linapita wapi. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mwezi huu jua la mchana halipiti utosini, linapita upande wa kaskazini, kiasi kwamba ukuta wa mita 2 unatupa kivuli cha mita moja na robo upande wake wa kusini hata jua likiwa juu kabisa. Jaluba, yaani kipande cha kupandia mboga, lililojibanza kusini mwa nyumba litakuwa na udongo wa baridi hadi mwezi wa 8, na karoti zake zitadumaa. Upande wa kaskazini wa ukuta ni hazina: tofali linafyonza joto mchana na kulirudisha usiku. Hapo weka kitalu. Mwishoni mwa mwezi wa 9 jua linakuwa karibu utosini na kivuli hicho cha mchana kinabaki kama sentimita 30, kwa hiyo usije ukapanga viti vya wageni ukitegemea kivuli unachokiona leo. Jambo jingine: huku magharibi mwa nchi jua linafika juu kabisa karibu saa 7 kasorobo, si saa 6. Saa za joto kali ni kuanzia saa 5 hadi saa 9 alasiri.

Sasa mgawanyo wa eneo. Gawa mara mbili, mita 5 kwa 8 kila upande. Nusu moja chora majaluba sita ya mita 5 kwa 1, ukiacha njia za sentimita 40 kati yake. Yanaingia sawasawa kwenye ile mita 8. Nusu ya pili ni ya watu. Mtu kwenye kiti anataka karibu mita mraba moja, kwa hiyo 30 wanatosha na nafasi ya waimbaji inabaki. Kiwanja kikiruhusu, mboga ziwe mashariki na watu magharibi. Sababu nitaieleza kwenye muziki.

Kuna mdau amesema ainue matuta sentimita 30. Hilo ni la masika. Kiangazi tuta lililoinuka linakauka pande zote na maji yanakimbilia njiani. Chimba majaluba ya kuzama: uso wa udongo uwe chini ya njia kwa sentimita 8 hadi 10, na kingo zibanwe kwa mguu. Udongo wa Uyole na wa kwenda Rungwe una majivu ya volkano, ni mwepesi na unapitisha maji haraka, hivyo samadi ndiyo itakayoshika unyevu. Kwa kila jaluba la mita mraba 5 weka madebe mawili na nusu hadi matatu ya samadi iliyooza, uichanganye hadi kina cha sentimita 20. Iliyooza ni ile isiyonuka, isiyo na joto ukiingiza mkono, na majani ya nyasi hayaonekani tena. Samadi mbichi inaunguza mizizi, na inavutia sota, yule funza wa kijivu anayekata mche usawa wa ardhi usiku.

Maji yahesabiwe mapema kwa sababu ndiyo yanayovunja bustani nyingi mwezi wa 9. Mwezi huu mita mraba moja inataka kama lita 3 kwa siku. Mwezi wa 9 inataka 5. Majaluba sita ni mita mraba 30, maana yake lita 90 sasa na lita 150 baadaye, yaani madumu manne na nusu hadi saba na nusu ya lita 20 kila siku. Kama huna uhakika wa hayo madumu saba, lima majaluba manne. Ni bora manne yaliyoshiba. Ukitandaza nyasi kavu zisizo na mbegu unene wa sentimita 5, unaweza kumwagilia siku moja na kuruka moja, ukiweka kiasi cha siku mbili kwa mara moja. Kumwagia kidogo kidogo kila jioni hadi uso uonekane mweusi ni kujidanganya: chimba kwa kidole, ukikuta pakavu chini ya sentimita 3 mizizi haijapata kitu.

Muda wa kumwagilia nao una sheria yake. Mwezi wa 6 na wa 7 mwagilia kuanzia saa 3 asubuhi, jua likishagusa majani. Ukimwagia jioni majani yanalala na maji kwenye baridi na ukungu unaingia. Kuanzia katikati ya mwezi wa 8 geuza, mwagilia alfajiri au baada ya saa 11 jioni.

Sakitu, ile barafu ya alfajiri inayounguza majani. Uyole haipigi kama Makete, Njombe au juu ya milima ya Uporoto, lakini inapiga kwenye vibonde, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito na inateremka mtelemko kama maji, inatuama chini. Wenzetu wa Iringa na Njombe wanaolima vinyungu, yaani bustani za bondeni za kiangazi, wanaijua vizuri: bondeni kuna unyevu wa bure, na bondeni ndiko barafu ya alfajiri inakochoma maharage. (Anayetaka kufuata mfano huo akumbuke sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji.) Dalili za usiku wa sakitu ni mbingu safi, nyota nyingi, upepo kimya, na baridi kuwa kali mapema kuanzia saa 2 usiku. Siku hiyo udongo uwe na unyevu tangu mchana, kwani udongo mkavu hautunzi joto. Jioni simika fito, funika kwa magunia au nyasi, na usifunue kabla ya saa 3 asubuhi. Nailoni ikigusa majani, pale inapogusa ndipo yanapoungua.

Tarehe sasa. Karoti zinaingia shambani moja kwa moja kati ya tarehe 8 na 15 mwezi huu, kwa sababu kwa baridi hii zinataka siku 100 hadi 110. Mistari sentimita 20, mbegu kina cha sentimita moja, funika na nyasi hadi ziote, na nyasi zitoke jioni ile ile unayoona shina za kwanza. Zikifika urefu wa kidole punguza zibaki sentimita 5 kati ya moja na nyingine. Watu wanaogopa kupunguza, kisha wanavuna karoti zilizosokotana. Karoti zenye mikia miwili chanzo chake ni mawe au samadi mbichi. Jaluba moja linawatosha watu 30 na zinabaki.

Sukuma wiki ziingie kitaluni wiki hii. Kwa kawaida miche inakaa wiki nne, kwa baridi hii panga wiki tano hadi sita. Wiki ya mwisho punguza maji na uondoe chanja, kile kivuli cha juu ya kitalu, kidogo kidogo ili ikomae, kisha hamisha jioni, sentimita 45 kwa 45. Kinyausi, ule ugonjwa wa miche kuanguka kama iliyofungwa uzi shingoni, unatokana na kubanana na maji mengi kwenye baridi, kwa hiyo mistari ya kitaluni iachane sentimita 15 na mbegu zisimwagwe kama chumvi.

Saladi ni zao la kupiga hesabu kwa makini, ikipitiliza inapanda mbegu na kuwa chungu. Otesha kitaluni tarehe 20 mwezi wa 7, hamisha ikiwa na majani manne au matano karibu tarehe 17 mwezi wa 8, sentimita 25 kila upande, itakuwa tayari ndani ya wiki tano na siku chache. Vichwa kumi vinatosha kachumbari ya watu 30; panda 18. Chainizi na giligilani zimwagwe kati ya tarehe 8 na 12 mwezi wa 8, figiri tarehe 15. Giligilani isihamishwe hata siku moja, ikishikwa mizizi inakimbilia maua.

Njegere kama unazitaka ziwekwe katikati ya mwezi huu. Mmea mchanga unavumilia baridi, ua halivumilii. Kwa tarehe hiyo maua yatakuja mwezi wa 8 na baridi imelegea. Maharage mabichi hayapandwi hadi ufike mwezi wa 8, na yatakuwa hayajawahi sherehe. Kwa maharage ya sufuria nunua Njano Uyole, yanatoka kituo cha utafiti kilicho jirani yako hapo na hayana mpinzani kwa wali.

Nyanya, ambazo wadau wawili wamezisifia, mimi sizishauri kwa tarehe hii. Kitalu wiki sita, kisha miezi mitatu kwenye baridi, umande unaleta ugonjwa wa bakajani chelewa, na joto likianza kiwavi wa kantangaze anatoboa matunda. Nunua soko la Mwanjelwa au la Uyole asubuhi ya Ijumaa.

Nisisitize kuhusu vitunguu maji, kwa sababu kuna mtu ametuma picha ya pakiti ya mbegu kutoka Uingereza. Pakiti za huko zinasema "panda wakati wa kiangazi" zikimaanisha kiangazi chao, ambapo London mwezi wa 6 mchana una saa 16 na zaidi. Aina nyingi za huko haziweki kichwa mpaka mchana uzidi saa 14 hivi, na kwetu mchana haufiki hata saa 13 mwaka mzima. Utapata majani mazuri, kitunguu hakuna. Chukua Red Bombay, Red Creole au Mang'ola, na hata hizo hazitawahi mwezi wa 9. Kwa siku hiyo panda vitunguu majani.

Maua: zinia kitaluni katikati ya mwezi wa 7, pembeni mwa ukuta, hazipendi baridi kabisa. Alizeti tarehe 10 na tarehe 18 mwezi wa 7, mara mbili kwa makusudi ili baridi ikichelewesha mstari wa kwanza wa pili usikuache. Ziweke mpaka wa magharibi, sentimita 40 kati ya mmea na mmea. Alizeti changa hufuata jua, lakini ikishakomaa inabaki imetazama mashariki. Ukiziweka mashariki mwa wageni wataona migongo yake siku nzima. Zikiwa magharibi zinawatazama usoni. Nyuki watazifuata, kwa hiyo meza ya soda na matunda ikae mita 4 au zaidi kutoka hapo.

Wadudu wa kiangazi ni wale wa ukame. Vidukari kwenye sukuma na chainizi: sabuni ya maji vijiko viwili vya chai kwa lita moja, nyunyiza jioni chini ya majani, rudia baada ya siku nne mara tatu. Ukinyunyiza juu ya majani tu hujawagusa. Sota: fukua udongo sentimita 3 kuzunguka mche uliokatwa asubuhi hiyohiyo, utamkuta amejikunja. Utitiri unapenda vumbi. Majaluba ya karibu na barabara yapulizwe maji safi chini ya majani kila baada ya siku tatu. Dawa kali ya dukani usiitumie tena ndani ya mwezi wa 9, watu watakula majani mabichi.

Tuje kwenye muziki. Upepo wa kiangazi huku kwa sehemu kubwa unatoka kusini-mashariki, ila milima inaugeuza. Wiki moja kabla, funga kipande cha kanga kwenye mti na utazame saa 9 alasiri kwa siku tatu. Waimbaji wawe upande unakotoka upepo, wayape migongo majaluba. Upepo unabeba sauti kuipeleka kwa wasikilizaji, na kabla ya kuwafikia umepita juu ya majani mabichi na udongo wenye unyevu, vumbi linapungua. Wasikilizaji nao jua la alasiri litakuwa mgongoni. Tatizo ni waimbaji, litawapiga machoni kuanzia saa 9, kwa hiyo turubai lao lishushwe upande wa magharibi hadi mita 1.8.

Kwaya ya watu 12 kwenye eneo la mita 8 haihitaji spika. Nasema hivyo nikijua wengi watapinga. Nje hakuna dari la kurudisha sauti, na kila umbali unapoongezeka maradufu nguvu ya sauti inashuka desibeli 6, lakini kwa mita 8 kwaya yenye sauti nne kamili inafika vizuri na kila sauti inasikika mahali pake. Spika ibaki ya gitaa na ya msema chochote. Wasimame kwa nusu duara, besi katikati nyuma, si pembeni. Nje sauti nene zikiwa pembeni zinapotea.

Spika moja ya inchi 12 inatosha. Inue hadi mita 1.8 na iwe mbele ya maiki, vinginevyo itapiga mluzi. Maiki ivishwe sponji, hata soksi safi inasaidia, upepo usivume ndani yake. Umeme ukikatika, betri kubwa ya gari aina ya N100 ina wati-saa 1,200 kwa jina. Tumia nusu tu usiiue, toa kinacholiwa na inveta, unabaki na kama 500, ambazo kwa mtambo unaokula wati 100 ni saa tano. Ekstensheni ya kuzungusha ifunguliwe yote, ikiachwa imejikunja inapata moto. Waya zipite njiani, kamwe zisikatize jaluba lililomwagiliwa.

Gitaa likitoka ndani kwenda juani nyuzi za chuma zinatanuka na sauti inashuka. Litoe dakika 20 kabla, likae kivulini, ndipo ulikaze. Hewa kavu ya mwezi wa 9 pia inapasua mbao. Ndani ya begi weka kisanduku cha sabuni kilichotobolewa chenye kitambaa kibichi kilichokamuliwa. Ngoma ni kinyume chake: asubuhi ngozi imelegea kwa unyevu wa alfajiri, iote moto wa nyasi kwa mbali huku ukiigonga ukingoni na kusikiliza sauti inavyopanda. Ikishakaza ipeleke kivulini. Ngozi iliyoachwa kwenye jua la saa 7 hujikaza hadi kupasuka, na hakuna dawa zaidi ya kuwamba upya. Moto huo uwe kwenye ardhi iliyofagiwa, ndoo ya maji pembeni, kipindi hiki nyasi zote ni kiberiti.

Mkipata mzee wa Kihehe mwenye ligombo, zeze lao la asili, mpeni nafasi yake peke yake, saa 4 asubuhi kabla upepo haujaamka. Ni uzi uliopitishwa mara kadhaa juu ya ubao wenye mfereji na kibuyu cha kukuza sauti, chombo cha kusimulia na kusifu. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alilirekodi Iringa mwaka 1950 alipozunguka Tanganyika. Sauti yake ni ndogo, watu wasogee mita 3, na asiwekewe maiki ya karibu itakayokuza mkwaruzo wa vidole.

Ratiba: Ijumaa jioni mwagia eneo la viti lita 2 kwa kila mita mraba litulize vumbi, usimwagie asubuhi pakawa matope. Saladi na giligilani zichumwe saa 12 na nusu asubuhi, ziloweshwe kwenye maji safi ya baridi dakika 10, zifungwe kwa kitambaa kibichi. Wageni saa 4. Picha ya pamoja mbele ya alizeti kabla ya saa 5, jua likiwa bado mashariki. Chakula saa 7 chini ya turubai, wakati ambao hakuna anayeweza kuimba vizuri kwa joto. Kwaya ya pili saa 9 na nusu. Kofia kwa watoto, huku juu jua linaunguza ngozi hata hewa ikiwa ya baridi. Jua litazama kama saa 12 na dakika 40, na baridi inaingia mara moja, kwa hiyo wenye watoto wachanga waage saa 11.

Kwa wasio na uwanja walioulizia hapo juu: Iringa mjini jiwe la Gangilonga linafaa kwa kwaya ndogo asubuhi, ila mwamba unahifadhi joto na alasiri haukaliki. Hifadhi ya Kitulo msiende mwezi wa 9 kwa ajili ya maua, maua yake ni ya masika, kuanzia mwezi wa 12 hadi wa 4.

Jumapili asubuhi, kabla ya kukunja turubai, mwagilia. Majaluba yatakuwa yamekosa maji ya Jumamosi jioni na njia zimekanyagwa, kingo zimebomoka. Zibane kwanza kwa mguu ndipo umwage. Alizeti zisikatwe, ziache wiki tano nyingine hadi mgongo wa kichwa uwe wa njano kuelekea kahawia, uvishe mfuko wa neti ndege wasizimalize. Dada, tupimie urefu wa ukuta wako unaotazama kaskazini na utuambie bomba linatoa maji siku ngapi kwa wiki, tuone kama ni majaluba sita au manne.